Chagua samaki kwa birika lako: kuzalisha samaki wa mapambo kwenye tangi dogo, Dodoma

Kabla hujatoa hela ya samaki, nenda jikoni ukafunue birika. Kama uko Dodoma na unachemshia maji ya bomba au ya kisima, ndani utakuta ukoko mweupe umeshika kuta zake kama chokaa. Huo ukoko ndio utakaokuchagulia samaki.

Maji tunayotumia mjini sehemu kubwa yanatoka ardhini, kwenye visima vya Makutupora kaskazini ya mji, na huko chini yameshabeba madini ya kutosha. Ni maji magumu. Sabuni inachelewa kutoa povu, na mgeni kutoka pwani akinywa glasi ya kwanza anakuangalia usoni. Kwa mpika chai hiyo ni kero. Kwa anayetaka samaki wazaliane sebuleni kwake ni bahati, mradi asichague kwa macho tu.

Wengi wanaoanza huvutiwa na neon, yule mdogo mwenye mstari wa bluu unaowaka. Kwao neon ni Amazon, kwenye maji laini yenye asidi kidogo. Hapa ataishi ukimzoesha taratibu, lakini mayai yake kwenye maji magumu huharibika. Ukimtaka azae itabidi ukinge maji ya mvua, na mwezi wa saba hapa hata wingu hulioni.

Hatua ya 1: mtafute anayeyapenda maji yako

Samaki wa mapambo wapo wanaotaga mayai, na wapo wanaozaa watoto wazima: mayai yanaanguliwa tumboni mwa mama, na mtoto anatoka akiogelea. Anza na hawa wanaozaa. Mtoto wao hutoka na urefu wa milimita sita au zaidi, na siku hiyohiyo anakula chakula kilichosagwa. Mtoto aliyetoka kwenye yai la samaki mdogo ni kama kipande cha uzi. Anahitaji vijidudu usivyoviona kwa macho, na wengi hufa njaa huku mwenye tangi akiapa kwamba kawalisha.

Wa kwanza kabisa ni gapi. Dume ana sentimita tatu hivi, mkia kama kanga iliyotandazwa. Jike ni mkubwa na mnene kuliko dume, rangi zake chache. Asili yao ni Trinidad, Venezuela na majirani zake, na jina lao linatokana na Robert John Lechmere Guppy, aliyewapeleka London kutoka Trinidad katika miaka ya 1860. Gapi anataka maji magumu, pH (kipimo cha asidi ya maji) kati ya 7 na 8, na joto la nyuzi 22 hadi 28. Anavumilia makosa mengi ya mwanafunzi.

Plati ni chaguo la pili, na kwa nyumba yenye watoto wadogo ningemweka hata mbele ya gapi: ni mnene, mtulivu, mkia wake mfupi haunyofolewi na wenzake. Moli ndiye anayefurahia maji ya chumvichumvi kuliko wote, ila anakuwa mkubwa na anachafua sana, kwa hiyo tangi la lita hamsini linamsonga. Mkia-upanga naye ni mrukaji, anataka tangi refu lenye mfuniko. Usichanganye plati na mkia-upanga kama unataka kulinda rangi, maana wanazaliana wao kwa wao na watoto wanatoka mchanganyiko.

Halafu kuna wa kwetu, na hapa naomba univumilie kwa sababu ndio niwapendao. Ziwa Tanganyika lina samaki mdogo, dume lake halifiki sentimita tano, wauzaji wanamwita multi. Jina lake la kitaalamu ni Neolamprologus multifasciatus. Anaishi ndani ya nyumba tupu za konokono zilizolala kwenye mchanga wa ziwa. Humo analala, humo anakimbilia, humo jike anatagia mayai. Multi ni mtagaji, lakini anavunja ule wasiwasi wangu wa mayai: wazazi wanalinda, watoto wanakaa mlangoni mwa konokono wakila vinavyopita, na wakubwa hawawasumbui. Hakuna kuhamisha watoto wala kukesha. Weka mchanga wa sentimita tano, nyumba za konokono kumi na tano au ishirini, na samaki sita, basi. Maji anayotaka ni magumu na ya pH inayopita 8.

Mchanga tunao bure kwenye makorongo. Uoshe ndoo baada ya ndoo hadi maji yatoke meupe. Nyumba za konokono wa shambani zinafaa kama si kubwa sana na kama zimechemshwa. Ukishawaweka, kaa kwenye stuli uwatazame. Jike atachagua konokono mmoja, atageuka na kuanza kurusha mchanga kwa mkia na mdomo hadi konokono azame, ubaki mlango tu. Akimaliza, jirani yake anamwaga mchanga mlangoni pake, naye anaanza upya. Ugomvi wa mipaka wa uswahilini huo, ila mahakama haipo.

Wa kuwaacha kwa sasa: goldfish, kwa sababu anakua mkubwa na tangi dogo ni kumtesa, beta, kwa sababu madume wawili hawakai pamoja na vifaranga wake ni wale wa uzi niliosema.

Hatua ya 2: tangi

Fundi wa vioo na aluminiamu anaweza kukutengenezea. Mpe vipimo: urefu sentimita 60, upana 30, kimo 30, kioo cha milimita tano au sita. Hilo linabeba lita 54 likijaa hadi juu. Mwambie mapema: "Fundi, silikoni isiwe ile ya bafuni yenye dawa ya ukungu," kwa sababu dawa hiyo inatoka polepole ndani ya maji na kuua. Likishakauka, lijaze maji ukiwa bado uani, liache siku mbili ukiangalia kama linavuja. Ni afadhali livuje uani.

Lita moja ya maji ni kilo moja. Ukiongeza kioo na mchanga unafika kilo sabini, na meza ya tivii ya mbao laminishwa haikuundwa kwa kazi hiyo. Liweke mbali na dirisha la jua la mchana, la sivyo litageuka kijani ndani ya wiki mbili.

Vifaa ni vichache: pampu ndogo ya hewa, mpira wake, na kichujio cha sponji. Pampu iwe juu kuliko usawa wa maji. Ikiwa chini na umeme ukakatika, maji yanaweza kurudi kwa mpira hadi ndani ya pampu, na kutoka hapo kwenye soketi. Mfuniko ni lazima, na sababu yake nitaieleza mbele.

Hatua ya 3: maji, na uvumilivu

Maji ya bomba yana klorini. Yaache kwenye ndoo zilizo wazi kwa siku moja au mbili kabla ya kuyatia tangini. Ukiyapigia hewa yanawahi zaidi.

Kosa la karibu kila anayeanza ni kununua tangi na samaki siku moja. Samaki anatoa amonia kupitia mashavu na choo chake, na amonia inamuunguza. Kwenye tangi lililokomaa kuna bakteria wanaokaa kwenye sponji na mchanga. Kundi moja linageuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi la pili linageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia hadi ubadilishe maji. Makundi hayo yanachukua wiki nne hadi sita kujijenga. Washa pampu, tia punje chache za chakula kila siku ili kuwe na kitu cha kuoza, na usubiri. Ukiwa na rafiki mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima, mwombe kipande cha sponji chake kilichochafuka. Uchafu huo wa kahawia una thamani kuliko chupa yoyote ya dawa dukani. Usije ukausuuza kwa maji ya bomba. Tumia maji ya tangi lenyewe.

Kila wiki toa robo ya maji, rudisha robo. Na hapa Dodoma kuna jambo ambalo vitabu vya watu wa nchi za mvua havihangaiki nalo. Hewa yetu ni kavu, na upepo wa mwezi wa nane na wa tisa unakunywa tangi kama ng'ombe. Maji yanapokauka, madini yanabaki. Ukiwa unaongeza tu juu bila kutoa, kila wiki maji yanazidi kuwa mazito, hadi hata gapi anachoka. Ndiyo maana nasema mfuniko ni lazima, na ndiyo maana robo ya maji itoke kwanza. Piga alama ya kalamu kwenye kioo ujue yamepungua kiasi gani.

Hatua ya 4: kununua na kuzoesha

Ukiagiza kutoka Dar es Salaam, waombe wasiwalishe samaki siku moja kabla ya safari, ili mfuko usichafuke njiani. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 safari imekuwa fupi sana kuliko ya basi, ila ulizia kwanza utaratibu wa mizigo yenye maji. Weka mifuko ndani ya boksi la foam, gizani.

Wakifika usiwamwage. Elea mfuko ndani ya tangi dakika ishirini ili joto lilingane. Kisha fungua, tia kikombe kimoja cha maji ya tangi, subiri dakika kumi, tia kingine. Kwa samaki waliotoka kwenye maji tofauti na yetu, endelea hivyo saa nzima. Mwishoni watoe kwa wavu; maji ya mfuko yamwage chooni.

Kwa gapi au plati chukua dume mmoja kwa majike wawili au watatu. Madume yakiwa mengi yanawakimbiza majike usiku na mchana hadi wanadhoofika. Kumtambua dume, angalia pezi la chini nyuma ya tumbo: la dume ni jembamba na limechongoka kama kijiti, la jike limetanuka kama kipepeo kidogo. Chagua wanaokuja mbele ya kioo kuomba chakula. Anayejificha pembeni mapezi yamekunjwa, hata kama ni mzuri kuliko wote, mwache dukani.

Usishangae ukinunua majike watupu wakazaa. Jike la gapi likishapandwa linatunza mbegu za dume na kuzitumia kwa miezi kadhaa.

Hatua ya 5: mimba na uzazi

Mimba ya gapi ni siku 21 hadi 30. Maji yakipoa inachelewa. Nyuma ya tumbo, karibu na lile pezi, kuna doa jeusi linaloongezeka kadiri siku zinavyokwenda. Tumbo likianza kuwa na kona, kama mtu kaficha kiberiti ndani yake, imebaki siku chache. Jike atajitenga, atakaa karibu na majani au chini ya sponji.

Uzazi wa kwanza unaweza kuleta watoto wasiofika kumi. Jike aliyekomaa anazaa ishirini, thelathini, hamsini. Wanatoka mmojammoja, wamekunjwa, wanazama kidogo, kisha wanajinyoosha na kukimbia. Wanakimbia kwa sababu mama anageuka na kuwala. Hana ubaya nao. Kwake kitu kidogo kinachotikisika ni chakula.

Kuna vizimba vya plastiki vya kumzalishia jike. Sivipendi. Jike akihamishwa akiwa karibu kuzaa anashtuka, anaweza kutoa watoto kabla ya wakati. Mimi naweka majani mazito upande mmoja wa tangi, yanayogusa juu. Usipopata mimea ya majini, chukua uzi wa sintetiki wa kufumia masweta, rangi ya kijani, uloweke kwenye maji ya moto hadi usitoe rangi, kata vipande vya sentimita ishirini, funga kama ufagio kwenye kizibo uelee. Watoto wataingia humo. Baadhi wataliwa, na hiyo si hasara, utaona mbele kwa nini.

Ni hapa nilipofanya kosa langu kubwa. Mwaka wangu wa pili nilitaka kizimba cha wavu. Nikakata kipande cha chandarua kipya, nikakishonea kwenye waya wa henga, kazi safi kabisa, nikamweka ndani plati mwekundu mwenye mimba. Asubuhi tangi zima lilikuwa juu ya maji, wanazunguka kama walevi, wengine wamelala ubavu. Nikabadilisha maji, nikaongeza hewa. Kufika adhuhuri nilikuwa nawatoa kwa kijiko. Vyandarua vingi vimetiwa dawa ya jamii ya pairethroidi. Binadamu analala chini yake salama, samaki hamalizi siku. Ukitaka wavu, nenda kwa fundi cherehani uombe kipande cha kitambaa cha shela. Na dawa ya mbu ya kupuliza ni jamii hiyohiyo: kabla ya kupuliza, funika tangi kwa taulo lenye maji na uzime pampu, maana inavuta hewa ya chumbani na kuipeleka moja kwa moja kwa samaki.

Hatua ya 6: kulisha vifaranga

Saga chakula cha vipande kati ya vidole hadi kiwe vumbi, mara tatu au nne kwa siku, kidogo sana. Kipimo changu ni kwamba kisibaki kitu baada ya dakika tatu. Dagaa wakavu wasio na chumvi wakisagwa na kuchekechwa kwa chujio la chai wanafaa pia. Kiini cha yai la kuchemsha kinawakuza haraka, ila ni chembe ya ncha ya kisu tu, kwa sababu kinachachua maji kuliko kitu kingine chochote. Ukipata mayai ya artemia (vijidudu vya maji ya chumvi, jamii ya uduvi), ya kuangua kwenye chupa ya maji ya chumvi yenye hewa, hapo utaona tofauti ndani ya wiki moja.

Wakubwa wape viluwiluwi wa mbu mara mojamoja. Ndoo ya maji uani itakupatia bila hata kuomba, lakini uimwage kila baada ya siku tatu nne, usije ukawa mfugaji wa mbu mtaani. Moli na plati wanapenda pia mchicha uliochemshwa kidogo.

Kuanzia wiki ya nne anza kuangalia lile pezi la chini. Likianza kuchongoka, huyo ni dume. Mhamishie beseni lingine lenye hewa. Ukichelewa, majike wadogo wanapata mimba kabla hawajamaliza kukua, na wanabaki vijeba.

Baridi na giza

Juni na Julai usiku wa Dodoma unashuka hadi nyuzi 13 au 14 nje. Ndani kuna nafuu, lakini maji yakikaa chini ya nyuzi 20 gapi anaacha kuzaa na madoa meupe ya ugonjwa yanapata nafasi. Hita ya wati 50 inatosha tangi hili. Izime na isubiri ipoe kabla ya kubadilisha maji, maana ikibaki hewani ikiwa ya moto kioo chake kinapasuka. Kama luku inakubana, zungushia tangi karatasi za foam pande tatu na ulifunike blanketi usiku.

Umeme ukikatika, tangi lenye samaki wachache linakaa masaa mengi bila shida. Ukiwaona wanapumulia juu, chota maji kwa kikombe uyamimine kutoka juu kidogo, mara ishirini, pumzika nusu saa, rudia. Usiwalishe hadi umeme urudi.

Wakishakuwa wengi

Piga hesabu: majike watatu, kila mmoja watoto thelathini kwa mwezi, ni tisini. Tangi la lita hamsini halina pa kuwaweka hao. Ndiyo sababu sikusikitikia walioliwa. Bakiza kumi au kumi na wawili wa kila uzao, wenye mgongo ulionyooka na wanaokimbilia chakula, wengine wagawe au uwauze. Kila baada ya vizazi viwili vitatu badilishana dume na mfugaji mwingine, ili usizalishe ndugu kwa ndugu.

Usiwamwage bwawa la Hombolo, wala korongoni, wala bwawa la jirani. Gapi ni mgeni Afrika, anazaliana kupita kiasi na anakula mayai ya samaki wenyeji. Na wenyeji tunao, hata huku kwetu kwenye ukame: mabwawa ya msimu ya upande wa Bahi yana samaki wadogo wenye rangi kali wanaoitwa Nothobranchius, ambao mayai yao yanalala kwenye tope lililokauka hadi mvua ijayo. Kuwazalisha inabidi uyatunze mayai yakiwa na unyevunyevu kwa miezi, na ukitaka kuwakamata porini muulize kwanza afisa uvuvi wa wilaya. Waweke akilini kwa ajili ya tangi la pili. La kwanza lijaze gapi, na ukoko ule wa birika ukiukwangua, usiutie tangini. Maji yameshabeba wa kutosha.